Historia ya Nchi Haienei Kwenye Banda la Wizara

Desemba 2011, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 50 ya Uhuru, Viwanja vya Mwalimu Nyerere kando ya Barabara ya Kilwa jijini Dar es Salaam, ambavyo wengi huviita Sabasaba, vilijaa mabanda ya wizara, idara na mashirika ya umma. Kaulimbiu ilikuwa moja: Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele. Kila wizara ilieleza ilikotoka na ilikofika. Zilichapishwa pia taarifa na vitabu vya wizara vyenye mpangilio unaofanana: hali ilivyokuwa kabla ya Uhuru, mafanikio, changamoto, matarajio. Miaka kumi baadaye, nchi ilipotimiza miaka 60, mawaziri walikaa mbele ya waandishi wa habari mmoja baada ya mwingine na kufuata mpangilio ule ule.

Safu hii inashikilia kwamba maonesho ya namna hiyo, pamoja na jasho lote linalomwagwa kuyaandaa, hayaoneshi historia ya nchi. Yanaonesha taarifa ya utendaji wa serikali iliyopambwa kwa picha za zamani. Mwananchi anaingia akitaka kujua nchi yake iliishi vipi. Anatoka na hesabu ya vilivyojengwa. Sababu si uongo wa waandaaji, kwa maana sehemu kubwa ya takwimu zinazobandikwa ukutani ni za kweli. Kasoro huanza mapema zaidi, kabla hata bango la kwanza halijaenda kiwandani: nani anaitwa kuandaa, anapewa eneo gani, anaulizwa swali gani na anapewa muda gani wa kulijibu.

Utaratibu wa kwanza ni wa eneo. Kamati ya maandalizi inapogawa viwanja kwa wizara, imeshaigawa na historia. Kila wizara itaeleza sekta yake, na mtazamaji ataachiwa kazi ya kuunganisha vipande. Lakini hakuna Mtanzania aliyeishi kisekta. Chukua kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni mbili walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya redio kwa saa zilizopangwa, wakiwa na vitabu vilivyochapishwa kwa ajili hiyo na viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo. Baada ya kipindi walijadiliana, kisha wakashika majembe: wakachimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka vichaka kuzunguka nyumba. Hiyo ni historia ya Wizara ya Afya, ya Elimu ya Watu Wazima, ya redio ya taifa, ya chama, au ya yule mama aliyechimba choo chake baada ya kutoka shambani? Ni ya wote kwa pamoja, na kwa sababu hiyo hiyo, katika maonesho ya mabanda haina kwao. Jengo la hospitali lina mwenyewe wa kulitangaza. Tendo la watu milioni mbili halina.

Hata jengo lenyewe likipata banda, hupoteza sehemu kubwa ya simulizi yake. Hospitali ya Muhimbili ilifunguliwa ikiitwa Princess Margaret, katika muongo wa mwisho wa utawala wa Mwingereza. Leo mgonjwa analazwa Sewahaji, Kibasila au Mwaisela, akiyataja majina hayo kama anavyotaja vituo vya daladala. Sewa Haji Paroo alikuwa tajiri wa Kihindi aliyetoa mali yake kujenga hospitali na shule mwishoni mwa karne ya 19. Kibasila alikuwa kiongozi wa Uzaramo aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Majimaji. Ndani ya wodi mbili kuna biashara ya msafara, hisani ya Wahindi wa pwani, vita dhidi ya ukoloni na uamuzi wa taifa jipya kumkumbuka nani. Banda litakalotaja idadi ya vitanda litakuwa limesema kweli, na litakuwa limeipita historia iliyoandikwa juu ya mlango.

Utaratibu wa pili ni wa tarakimu mbili: mwaka wa Uhuru upande wa kushoto, mwaka wa sherehe upande wa kulia. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akitetea kazi ya serikali yake katika miaka yake ya mwisho, alieleza kwamba Waingereza waliiacha nchi ikiwa na watu wazima asilimia 85 wasiojua kusoma, wahandisi wawili waliohitimu na madaktari 12. Ni hoja nzito, na aliyeitoa alikuwa na haki ya kuitoa. Ila ilipogeuzwa kuwa kiolezo cha kila bango, ilianza kuficha mambo.

Kinachofichwa kwanza ni watu wenyewe. Tanganyika ya wakati wa Uhuru ilikuwa na wakazi wasiofika milioni 11. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu karibu milioni 45 nchi nzima, na ya mwaka 2022 karibu milioni 62. Idadi ya shule, vituo vya afya au visima ikiongezeka mara tano huku watu wakiongezeka mara nne, maendeleo yapo, lakini si yale ambayo jicho linayaona kwenye bango. Mtazamaji anastahili kuambiwa daktari mmoja alihudumia watu wangapi wakati ule na anahudumia wangapi sasa. Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika chache, na data zipo.

Kinachofichwa pili, na hapa ndipo madhara yanapokuwa makubwa, ni katikati. Kujua kusoma na kuandika ni mfano bora. Kutoka asilimia 15 hivi mwaka 1961, nchi ilipanda kwa kasi iliyoushangaza ulimwengu. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ilitaja asilimia 90 na ushee. Kisha sensa ya mwaka 2002 ikakuta asilimia 69 hivi, na ile ya mwaka 2012 asilimia 78. Vipimo havikufanana, maana tarakimu za miaka ya 1980 zilitokana na mitihani ya kisomo cha watu wazima ilhali sensa huuliza tu, na mtaalamu mwangalifu angelieleza hilo. Lakini ukiweka 15 kushoto na 78 kulia, umefuta tukio zima: mlima uliopandwa na mteremko uliofuata. Umefuta bei ya mafuta ya miaka ya 1970, gharama za Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kushuka kwa bei za mazao ya biashara, mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 1986, na ada na michango iliyorudi shuleni mpaka ada ya msingi ilipofutwa mwaka 2001. Mtoto anayesoma bango lile leo hawezi kuelewa kwa nini bibi yake anasoma gazeti bila taabu na mjomba wake, mdogo kwa bibi huyo kwa miaka 30, hawezi.

Katikati hiyo ndiyo watu wanayoikumbuka kuliko kitu chochote. Wanakumbuka unga wa yanga, maduka ya kaya, foleni ya sukari na sabuni, marufuku ya kuendesha gari Jumapili mchana, msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983. Wanakumbuka Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu kati ya 1973 na 1976 baada ya kutangazwa kuwa kuishi vijijini ni amri. Kuna waliopata shule na maji kwa mara ya kwanza kutokana na operesheni hiyo, na kuna walioshuhudia nyumba zao zikichomwa ili wasirudi. Mara nyingi ni watu wale wale. Maonesho yasiyo na nafasi ya watu hawa yamewaacha nje wazazi na mababu wa karibu kila aliyelipa nauli kuja kuyatazama.

Utaratibu wa tatu ni tarehe ya kuanzia. Sherehe ina siku yake, na siku hiyo hugeuka kuwa mstari: nyuma yake giza, mbele yake nuru. Kwa Tanganyika mstari ni 9 Desemba 1961. Hivyo Chama cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilichokuwa kikiendesha biashara kubwa tangu miaka ya 1930, kinakosa pa kukaa: si ukoloni kwa kuwa ni kazi ya Waafrika, na si tunda la Uhuru kwa kuwa kiliutangulia. Mgomo wa makuli wa Dar es Salaam wa mwaka 1947 nao hivyo hivyo. Zanzibar mstari wenyewe ni hoja. Visiwa vilipata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964. Serikali huadhimisha siku ya pili. Kila banda la Mapinduzi linasimama juu ya uamuzi huo, na wapo Wazanzibari, ndani ya visiwa na huko Oman na Uingereza, ambao familia zao zinahesabu miaka kuanzia siku nyingine au kwa machozi mengine. Maonesho yanayotaja tarehe moja na kunyamazia nyingine yamechukua upande bila kumwambia mtazamaji kwamba kuna pande.

Anayeingia na anayetolewa

Maonesho ya maadhimisho hayana mlango wa kutokea tu. Waliotolewa hurudi, na kurudi kwao hufuata hali ya siasa kuliko uvumbuzi wowote wa wanahistoria. Bibi Titi Mohamed aliongoza tawi la wanawake wa TANU tangu mwaka 1955. Alitumia mitandao ya vikundi vya lelemama vya Dar es Salaam, na ndani ya miezi michache akaandikisha wanachama wanawake kwa maelfu, wakati wanaume wengi wenye ajira serikalini walikuwa wanaogopa kadi ya chama. Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Kwa karibu miaka 20 jina lake halikutajwa hadharani kama jina la mpigania uhuru. Mwaka 1991, nchi ilipoadhimisha miaka 30 ya Uhuru, gazeti la chama tawala lilimtoa kama shujaa wa mapambano yale. Leo moja ya barabara kuu za katikati ya jiji inaitwa kwa jina lake. Aliyoyafanya mwaka 1955 hayakubadilika katika muda wote huo. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuyasema.

Swali la waasisi wengine wa TANU wa Dar es Salaam lina sura hiyo hiyo. Mwaka 1998 mwandishi Mohamed Said alichapisha kitabu juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, akidai kwamba historia ya TANU iliyoandaliwa na Chuo cha Kivukoni iliwapunguza mno wazee wa mjini, wengi wao Waislamu, waliokiendesha chama kilichoitangulia TANU, Tanganyika African Association (TAA), kabla Nyerere hajafika. Mtu anaweza kukubaliana na Said au kumpinga katika vipengele vingi. Wanahistoria hufanya yote mawili. Lakini mjadala wake umeendelea kwa zaidi ya miaka 25 katika vitabu, redioni na misikitini, nao haujapata hata kona moja yenye hadhi katika maonesho ya taifa. TANU, chama kilichoundwa 7 Julai 1954, kilitokana na watu wenye majina, nyumba, dini na mabishano. Kukiweka ukutani kama picha moja ya kundi kunawafanya wote waliosimama pembeni ya picha waonekane wapita njia.

Kenya ina somo kali zaidi. Katazo la kikoloni dhidi ya Mau Mau liliendelea kuwa sheria ya nchi huru mpaka mwaka 2003. Maana yake ni kwamba sherehe za miaka 10 na za miaka 25 za Uhuru zilifanyika huku jumuiya ya wapiganaji wa msituni ikiwa bado imepigwa marufuku na serikali iliyokuwa ikisherehekea. Sanamu ya kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, ilisimamishwa katikati ya Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake. Kisha ukafika mwaka 2013. Mwezi Mei, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilimkabidhi Rais ripoti yenye mauaji yaliyotokea Wagalla mwaka 1984, mateso ya kizuizini na dhuluma za ardhi. Desemba zikafuata sherehe za miaka 50. Katika mwaka mmoja Kenya ilikuwa na masimulizi mawili makubwa ya nusu karne yake, moja la tume na moja la jukwaa, na mpaka leo mapendekezo ya lile la kwanza hayajatekelezwa kwa ukamilifu.

Yanayoeleweka vibaya

Hoja inayosikika zaidi ni kwamba sherehe si mahali pa maumivu. Mtu hafanyi harusi akataja wafiwa. Songea inaijibu. Kila Februari mji ule hukumbuka viongozi wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, katika eneo la makumbusho lenye kaburi lao la pamoja. Kuna ngoma, hotuba, gwaride, na watu hujaa. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo Novemba 2023 na kuomba radhi mbele ya wajukuu wa waliouawa, wakiwemo wa Nduna Songea Mbano. Huzuni na fahari vimekaa pale pamoja bila kuuana. Wangoni hawajapungukiwa na heshima kwa kuonesha walivyoshindwa vita.

Ya pili ni hofu ya umoja. Inasemwa kwamba nchi yenye makabila zaidi ya 120 na dini kubwa mbili haipaswi kufukua mabishano. Hofu hii si ya kupuuza, na safu hii inaiheshimu, kwa kuwa jirani zetu wamelipa gharama ya kuchochewa. Lakini kitu kisichowekwa ukutani hakitoweki. Kinahamia barazani, kwenye simu na kwenye mimbari, ambako hakuna mhifadhi wa makumbusho wa kuuliza ushahidi uko wapi. Simulizi la familia iliyohamishwa, au la aliyezuiliwa, linapokutana na waraka na picha ndani ya ukumbi wenye utulivu, hupata mipaka. Likiachwa peke yake huvimba.

Ya tatu inatoka upande wa pili: kwamba maonesho ya serikali yote ni propaganda, hakuna la kujifunza. Hii nayo ni potofu, na inawadhulumu waliofanya kazi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na darasa dogo la wanafunzi wa sheria ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kutoka pale hadi vyuo vya leo, mtu asiyeona fahari ana jicho lililofungwa kwa makusudi. Kinachodaiwa ni kuyaeleza mafanikio kwa namna inayoonesha ugumu wake, kwa sababu mafanikio yasiyo na kizingiti hayamfundishi kijana namna ya kuvuka cha kwake.

Ya nne ni imani kwamba nchi tajiri zimeshalimaliza tatizo hili. Hazijalimaliza. Mwaka 1951 Uingereza iliandaa Tamasha la Uingereza, miaka 100 baada ya maonesho makubwa ya Malkia Victoria. Watu zaidi ya milioni nane walifika kwenye ukingo wa kusini wa Mto Thames kutazama sayansi, usanifu na tabia za Waingereza. Himaya waliyokuwa wakiitawala siku hiyo hiyo iliguswa kwa mbali tu. Januari ya mwaka ule ule, serikali yao ilikuwa imetangaza kuuacha mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, uliomeza mamilioni ya pauni katika ardhi ya Tanganyika. Taifa lililokuwa likijieleza kwa dunia halikuona kwamba Kongwa ni sehemu ya maelezo hayo.

Marekani nayo, mwaka 1995, ilitaka kuadhimisha miaka 50 ya kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili kwa kuionesha Enola Gay, ndege iliyoangusha bomu la atomiki Hiroshima. Wahifadhi wa Taasisi ya Smithsonian waliandaa matini iliyoweka pamoja uamuzi wa kijeshi, mateso ya waliopigwa na mwanzo wa mashindano ya silaha za nyuklia. Vyama vya wapiganaji wa zamani na wanasiasa wa Bunge walikuja juu, maonesho yale yakafutwa Januari, mkurugenzi wa makumbusho Martin Harwit akajiuzulu mwezi Mei, na mwezi Juni ndege ikaoneshwa na maelezo machache. Funzo lake kwetu ni kwamba shinikizo la kusafisha historia halitoki serikalini peke yake. Wananchi wenye kumbukumbu zao nao hushinikiza, na mhifadhi asiye na kinga ya kisheria na kitaaluma hawezi kuhimili.

Kinachowezekana

Dawa ya kwanza ni kubadili mwandaaji. Kiini cha maonesho ya taifa kiwe mikononi mwa Makumbusho ya Taifa, Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, idara za historia za vyuo vikuu na maktaba ya picha ya Idara ya Habari Maelezo, wizara zikibaki kuwa wachangiaji wa vitu na takwimu. Zibaki na mabanda yao ya huduma, ambayo yana faida halisi: mtu anapima shinikizo la damu, anaulizia hati ya kiwanja, anajisajili. Ila ukumbi wa historia uwe mmoja, upangwe kwa maswali na vipindi, na usiwe na nembo ya wizara yoyote ukutani.

Dawa ya pili ni kuonesha mstari mzima. Kila takwimu ya tangu Uhuru mpaka leo ichorwe mwaka kwa mwaka pale data zinaporuhusu, na panapokosekana data paachwe wazi pakionekana. Pale mstari unaposhuka, hapo ndipo pawekwe kitu: kadi ya duka la kaya, daftari la kisomo, barua ya mwalimu aliyekosa mshahara, kipande cha gazeti. Nyaraka zipo. Sheria ya mwaka 2002 ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka imeweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa faili kufungwa, hivyo mafaili mengi ya miaka ya 1960, 1970 na 1980 yalishapaswa kusomeka. Kanda za Radio Tanzania zilizorithiwa na TBC, na magazeti kama Mwafrika, Ngurumo na Uhuru, yana sauti na lugha ya wakati ule ambayo hakuna bango jipya linaloweza kuibuni.

Dawa ya tatu ni kuwaweka wenye simulizi ndani. Tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Majimaji, na kazi ile imebaki kuwa nguzo ya kila anayeandika juu ya vita hivyo. Huko Lubumbashi, nchini Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), mwaka 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda-Matulu alichora takriban picha 100 za historia ya nchi yake, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya kinasa sauti cha mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Wakati serikali ya Mobutu ilikuwa na historia yake rasmi, mtu mmoja mwenye brashi alikuwa na maonesho ya taifa chumbani. Cape Town, Makumbusho ya District Six, yaliyofunguliwa mwaka 1994, yana ramani kubwa ya mitaa sakafuni, na waliofukuzwa na utawala wa makaburu waliandika wenyewe majina na mahali nyumba zao zilipokuwa. Ramani kama hiyo ya vijiji vya kabla na baada ya Operesheni Vijiji haihitaji teknolojia. Inahitaji chumba kipana, kalamu na wazee.

Dawa ya nne ni kuweka mabishano wazi. Panapokuwa na maelezo mawili yanayopingana kuhusu tukio moja, yaandikwe yote mawili kwa ukubwa ule ule, kila moja na ushahidi wake na jina la anayelishikilia. Rasimu ya maelezo ya picha itolewe kwa umma miezi sita kabla, watu wasahihishe majina ya waliomo, tarehe na mahali. Wahifadhi walindwe kwa kanuni iliyoandikwa, ili bango lisishushwe kwa simu ya mkubwa wala kwa kelele za kundi.

Miaka 70 ya Uhuru wa Tanganyika itatimia 9 Desemba 2031. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 siku ile bendera mpya ilipopandishwa atakuwa na miaka 90. Kwa hiyo ratiba ya maonesho yale haiwezi kuanza mwaka 2031, wakati wakandarasi wa mabango watakapoitwa. Inapaswa kuanza na kurekodi, wilaya kwa wilaya, kazi ambayo vyuo vyenye idara za historia vinaweza kuifanya kwa kuwatumia wanafunzi wakati wa likizo. Kuhusu fedha, tayari kuna utamaduni wa kuzigawa upya fedha za sherehe: mwaka 2015 zilielekezwa kwenye upanuzi wa barabara ya Morocco hadi Mwenge jijini Dar es Salaam, na mwaka 2022 kwenye mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Serikali iliyoweza kufanya hivyo zaidi ya mara moja inaweza kutenga sehemu ya gharama za Desemba moja tu kwa ajili ya vinasa sauti, nauli za wanafunzi na chumba salama cha kutunza kanda, na kuikabidhi kazi hiyo kwa Makumbusho ya Taifa kuanzia bajeti ijayo.